Nywele zangu zimenisema

Salt Lake City, 9 Februari

Koku mpenzi,

Swali lako la juzi lilinichekesha: ati nimevuka bahari yote hiyo kuja kupima nywele! Ndiyo. Tena safari hii nimepima zangu.

Maabara yenyewe ungeiona ukavunjika moyo: meza, mitungi ya gesi na pampu zinazounguruma usiku kucha. Kazi iko kwenye mizani. Unaosha unywele mafuta yatoke, unakata kipande, unapima nusu miligramu, unakitia ndani ya kikopo cha bati kidogo sana na kukikunja kwa kibano. Hewa ya huku ni kavu mno, vipande vinarukia glavu kwa umeme tuli. Nimeshapoteza asubuhi nzima hivyo.

Kikopo kinadondokea kwenye tanuri la nyuzi 1,000 hivi, oksijeni inaingia, unywele unageuka gesi. Gesi nyingine, heli, inaibeba hadi kwenye spektromita, mashine ya kupima uzito wa molekuli; humo sumaku inatenganisha kaboni dioksidi kwa uzito: 44 huku, 45 kule. Katika atomu 100 za kaboni, kama moja tu ndiyo nzito, kaboni 13. Tunachotafuta ni hiyo moja imezidi au imepungua kwa kiasi gani, kwa elfu, ikilinganishwa na kipimo cha kimataifa; alama ya kutoa maana yake imepungua. Katikati ya sampuli tunaingiza vitu ambavyo majibu yake yanajulikana. Mashine ikikosea hapo, siku imeharibika.

Hapa Utah ndipo zilipopimwa nywele za mikia ya tembo wa Samburu, Kenya, ikajulikana lini walikula nyasi na lini majani ya miti. Nikasema, na mimi je?

Mahindi hunasa kaboni kwa njia tofauti na ndizi au maharage: mahindi kama −12, ndizi kama −27. Sijakata nywele tangu Bukoba. Ncha, zilizoota nikila ndizi za mama, zilisoma −21. Shinani, miezi minne ya huku, −18, yaani zimesogea upande wa mahindi. Na ugali sijaugusa! Profesa alicheka sana. Kuku wa huku analishwa mahindi, ng'ombe vilevile, hata soda ina sukari ya mahindi. Kumbe nakula ugali kila siku, ila umejificha.

Sasa nataka zako, nilinganishe. Ukifumua, kata chache karibu kabisa na ngozi, zifunge kwenye karatasi, uandike upande upi ni wa kichwani. Ila mama asijue, tafadhali. Ataambia ukoo mzima nimekuja kusomea uganga.

Wako,
Koburungi