Vijana wa Lamu wasiikwepe historia ya sanaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazungumzie watahiniwa wa kidato cha nne hapa Lamu, ambao wakati wa kuchagua kozi za chuo kikuu huandika ualimu, uuguzi au biashara, na historia ya sanaa hata hawaitaji. Shahada hiyo haimlazimu mtu kujua kuchora. Humfundisha kukitazama kitu kwa makini, kukieleza kwa usahihi, na kuuliza kilitengenezwa na nani, kwa ajili ya nani na kwa mali ya nani.

Kijana aliyezoea kuona zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizopangwa safu juu ya safu ndani ya nyumba za mawe, chokaa ikiwa imechongwa kwa ustadi ukingoni mwake, tayari ana la kusema. Wanaoomba vyuo vya Uingereza, kwa mfano SOAS iliyoko London, hupitia UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vikuu vya huko, ambako huruhusiwa kuchagua kozi zisizozidi 5 na hudaiwa maelezo binafsi, yaani maandishi ya mwombaji kueleza kwa nini anaitaka kozi hiyo. Hapo ukurasa wa sifa za jumla kuhusu kupenda utamaduni haufai kitu. Aeleze mlango mmoja wa kuchonga, kuanzia kizingiti hadi nguzo ya kati.

Karo ya huko ni nzito, sikatai. Ndiyo maana naiomba serikali ya kaunti, ambayo mji wake umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, iwafikirie wanafunzi wa somo hili inapogawa basari.

Mzazi,
Mkomani, Lamu