Barua ya wazi kwa vijana wanaounda boti isiyo na mtu

Wanangu wa karakana ya elektroniki, hapa Lubumbashi,

Nimeuona mchoro wenu wa boti isiyo na mtu, ile mnayotaka kuipendekeza kwa jeshi letu la majini kule Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Kazi nzuri. Ila sehemu iliyochukua nafasi kuliko zote ni tumbo la baruti, na hapo ndipo nataka tuongee.

Najua mnachotazama kwenye simu. Februari 2024 boti za Ukraine aina ya Magura V5, zenye urefu wa mita 5 na nusu tu, ziliizamisha Ivanovets, meli ya kivita ya Urusi, katika Bahari Nyeusi. Wiki mbili baadaye ikafuata meli nyingine ya Urusi, Tsezar Kunikov. Sisi tusishangae mdogo kumwangusha mkubwa. Mwaka 1915 Waingereza walipitisha mji huu huu, kwa reli, boti mbili za mita 12: Mimi na Toutou. (Kamanda alitaka kuziita Mbwa na Paka, wakubwa wake wakakataa.) Zikashushwa Fungurume, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Desemba 26, ziwani Tanganyika, zikaiteka Kingani, boti ya kivita ya Wajerumani.

Lakini Kingani ilijulikana kwa umbo lake, na Ivanovets vilevile. Nani asiyeitambua meli ya kivita? Sasa fikirieni Tanganyika usiku usio na mwezi. Taa za wavuvi wa ndagala zimetapakaa hadi macho yanapoishia. Mitumbwi yao haina chombo cha kujitambulisha kwa redio. Anayeogopa majambazi anazima taa na kunyamaza, na jambazi naye anazima taa na kunyamaza, tena katika mtumbwi wa mbao uleule, wenye injini ileile ya nyuma. Kamera yenu itawatenganisha vipi? Kwenye mchoro sikuona jibu, nimeona baruti tu.

Itoeni. Mahali pake wekeni kamera ya joto, rada ndogo na betri za kutosha, na uamuzi wa kukamata au kuacha ubaki kwa askari aliye pwani. Hata Wamarekani wa Kikosi 59, kikosi chao cha majini cha vyombo visivyo na mtu huko Bahrain, kilichoundwa 2021, walianza na boti za kuangalia tu, nyingine zikienda kwa upepo. Agosti 2022 Wairani wakaifunga moja kamba na kuanza kuivuta, mpaka meli ya Wamarekani ilipofika. Kwetu injini itang'olewa kabla ya alfajiri, kwa hiyo chagueni mapema nani ataifuata ikikamatwa, na kwa boti gani. Satelaiti nayo hulipiwa kila mwezi. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, simu haishiki kote.

Kabla ya kuandikia jeshi, shukeni Kalemie mkalale mwaloni, mtoke usiku na wavuvi. Mchoro wa pili nileteeni nyumbani, mtaa wa Kenya, kwenye karatasi kubwa. Kioo cha simu macho yangu hayakiwezi.

Mzee wenu wa reli