Barua ya wazi kwa Meya wa Vallorcine: vighala vibaki vilipo

Mheshimiwa Meya,

Salaam. Nakala ya Kifaransa nimekutumia ofisini. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenzangu tunaofanya vibarua huku milimani Savoie, Ufaransa, maana mikono inayobomoa mara nyingine ni yetu.

Mimi ni seremala, Mtanzania. Kiangazi kilichopita bosi wangu wa wakati ule alitupeleka kubomoa kighala cha mbao, aina ile ambayo kwenu huitwa regat, ili kikajengwe upya bustanini kwa mteja, kiwe banda la kubadilishia nguo kando ya bwawa la kuogelea. Chaki nilishika mimi. Niliandika namba kwenye kila gogo, 1 hadi 42. Tulipong'oa ubao wa mwisho wa sakafu, punje za nafaka zilikuwa bado zimejibana kwenye ufa, nyeusi, kavu kama changarawe. Nikazifagia. Hata mawe bapa yaliyozuia panya wasipande kutoka kwenye nguzo yalipakiwa kwenye lori jioni ile.

Kwenu vighala bado vipo, na kwenu ndiko vinakoeleweka. Mwaka 1264 mkuu wa watawa wa Chamonix aliwapa bonde lenu la Vallorcine walowezi waliosema Kijerumani. Wakatawanyika vitongoji, Le Buet, Le Couteray, hadi Barberine karibu na mpaka wa Uswisi, huku wakikwepa mapito ya maporomoko ya theluji. Kanisa lenyewe limejengewa ukuta wa mawe mgongoni, umechongoka kama omo la jahazi, ili theluji ikishuka ipasuke pande mbili.

Kighala nacho kilitengwa na nyumba kwa kuogopa moto. Nyumba ikiungua, nafaka, nguo za Jumapili na hati za mashamba zinapona. Kwa hiyo zile hatua chache kati ya mlango wa nyumba na mlango wa kighala nazo ni urithi. Ukikihamisha, hata kama hukupoteza gogo moja, umebaki na kibanda tu.

Kifungu cha L151-19 cha sheria ya mipango miji ya Ufaransa kinaziruhusu halmashauri kutaja, ndani ya mpango wa matumizi ya ardhi, majengo ya kulindwa. Jengo likishatajwa, halibomolewi bila kibali. Naomba kila regat itajwe pamoja na kiwanja chake, hata ile iliyoinama nyuma ya zizi ambayo hakuna mtalii anayeipiga picha.

Najua paa la vigae vya mbao ni ghali, na wenye vighala wengine ni wazee wanaoishi peke yao. Naanza na mimi: nichagulie kimoja, nitakitengeneza Jumamosi zangu bila malipo, hapo hapo kilipo. Shoka ninalo, randa ninayo. Chaki sitakuja nayo.

Wako mtiifu,
Seremala, bonde la Arve