Barua kwa mwanangu Salim

Salim wangu,

Nimeliona daftari lako la kuandikia vipimo vya sukari ya damu juu ya kabati. Sikuja kupeleleza, nilikuwa natafuta ufunguo wa stoo. 6.2, 6.4, 6.1, asubuhi na jioni, wiki tatu nzima, kalamu moja, mwandiko wa mkupuo mmoja. Hata siku ya Idi, ulipokula halua mbele ya macho yangu: 6.3. Nikacheka, kisha nikakaa pale pale sakafuni.

Namba nzuri tupu: ulikuwa unaniandikia ninachotaka kusikia. Ukisema "shikamoo mama," mimi "marahaba, umepima?" Hapa Ngamiani jirani tunamuuliza mpaka habari za kuku wake, nawe mwanangu nimekuuliza habari za kidole tu.

Uligunduliwa una kisukari ukiwa na miaka 14, umri wa yule kijana wa Toronto aliyekuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini, Januari 1922. Nimekusimulia hiyo mara ngapi! Kana kwamba mtu akishukuru basi hachoki.

Juzi nilikwenda kliniki peke yangu. Daktari akaniambia vijana wenye kisukari hupata sonona kama mara mbili ya wenzao. Mtu akizama hivyo huruka sindano, sukari ikipanda mwili unakuwa mzito na hasira karibu, naye huzidi kuzama. Mimi yote hayo niliyaita uvivu. Ulipoacha hata kwenda uwanja wa Mkwakwani kuwatazama Coastal wakicheza mpira, nikasema umekua.

Na yule muuguzi aliyekugombeza mbele ya foleni, eti unakula hovyo. Kisukari chako, aina ya kwanza, hakitokani na kula sukari, nalijua hilo, na bado nilinyamaza. Linaniuma mpaka leo.

Jana umeme ulikatika, insulini yako ya akiba nimeihamishia kwenye chungu cha mchanga mbichi isipate joto. Iko salama.

Alhamisi nakuja huko Dar na basi la alfajiri. Daktari amenielekeza kwa mtu wa kuzungumza naye. Ukikubali tutakwenda, nitakaa nje kwenye benchi, wala sitauliza mlichosema. Kama umewahi kutamani usiamke, mwambie yeye au niambie mimi, sitapiga yowe. Ikikubana kabla ya Alhamisi nipigie, hata usiku wa manane. Sindano usiiruke hata ukinikasirikia.

Nakuja na daftari jipya. Ikiwa 18, andika 18.

Bibi anakusalimu sana. Kauliza huko unakula na nani.

Mama yako