Risala ya Wanafunzi wa Ufundi wa Mitambo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na wageni waalikwa,

Karibu sana chuoni kwetu, hapa Eneo la Viwanda, Nairobi. Tuna jambo moja kubwa la kukueleza. Boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, tunafundishwa muhula huu; kompresa, mashine ya kushindilia hewa, muhula ujao; pampu na umeme kila kimoja kivyake. Kiwandani vyote hivyo hutegemeana kila dakika.

Chukua kiwanda cha maziwa. Maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 na yakae kwenye joto hilo sekunde 15. Yakipungua joto, valvu ya kugeuza mkondo huyarudisha kwenye tangi la mwanzo. Sasa paneli inaonyesha nyuzi 71 na maziwa yanazunguka tu, hayaendi kupakiwa. Fundi aliyesomea kipande kimoja hukimbilia kubadilisha kihisi joto, na tatizo hubaki palepale.

Joto la maziwa hutoka kwenye mvuke wa boila, kwa hiyo huenda chanzo kiko huko. Maji yake yasipomwagwa kiasi kila zamu, chumvi hulimbikizana. Katika boila nyingi za mirija ya moto, ambazo moshi wa moto hupita ndani ya mirija iliyozungukwa na maji, chumvi zikipita takriban miligramu 3,500 kwa lita, maji hutoa povu na mvuke huondoka na matone. Mvuke wa namna hiyo hubeba joto pungufu kwa kila kilo. Huenda ni hewa: valvu ya kuingiza mvuke wa kupasha maziwa hufunguliwa na hewa ya kompresa, hufungwa na springi, kwa hiyo presha ya hewa ikishuka kutoka bar 6 hadi 4, valvu haitafunguka yote. Geji isomwe pale pale kwenye valvu, si kwenye kompresa, maana kichujio kilichoziba katikati hakionekani ukiwa mbali. Au trapu ya mvuke, kifaa kinachotoa maji ya mvuke uliopoa na kuzuia mvuke usitoke, imekwama ikiwa imefungwa, maji yamejaa ndani ya kibadilisha joto, pale mvuke unapopasha maziwa, na mvuke mpya hauna pa kuingia. Trapu ya namna hiyo hupoa, na kipimajoto cha mkono kitakuonyesha.

Mpangilio wa kuwasha nao una sababu zake. Maji na hewa hutangulia, boila hufuata, kisha valvu kuu ya mvuke hufunguliwa polepole huku maji yakitolewa kwenye paipu baridi. Ukiifungua kwa pupa, mvuke huyasukuma maji hayo kwa kasi hadi yagonge kona, na kishindo hicho hupasua viungo na kuumiza watu. Tunalisisitiza hili kwa sababu ni uhai wa wafanyakazi.

Mheshimiwa, tunaomba mambo matatu. Kwanza, kifaa kidogo cha mafunzo kinachounganisha boila, kompresa, pampu na paneli moja, ili mkufunzi aharibu sehemu moja nasi tuitafute. Pili, michoro ya kiwanda halisi inayoonyesha paipu na vifaa vya kupimia, tuitembelee laini mchoro ukiwa mkononi, kutoka tangi la maji hadi maji ya mvuke uliopoa yanaporudi. Tatu, utuombee kwa wenye viwanda jirani watupokee alfajiri mitambo inapowashwa, au siku ya matengenezo. Ziara za saa sita mchana hutuonyesha kiwanda kikiwa kimetulia, wakati hakuna cha kutafuta.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wako.