Mama, Yesu wa huku chini hana ndevu

Mama shikamoo, baba shikamoo, mjomba na wewe shikamoo maana najua ndo utakayeisoma hii kwa sauti hapo sebuleni, wadogo zangu mambo. Mimi mzima kabisa namshukuru Mungu, baridi ishaanza ila nshazoea, unga wa ugali napata soko la Esquilino hapa Roma bei yake usiulize. Nimeona niandike ndefu humu kwenye grupu maana kila nikipiga simu mtandao unakata katikati ya maelezo afu mjomba anabaki na lile swali lake, eti mtu anapandaje ndege mpaka Ulaya kwenda kusoma picha za ukutani. Leo najibu.

Mjomba, siyo kuchora. Nasoma historia ya sanaa ya Roma ya kale na ya Wakristo wa mwanzo, karne ya 2 mpaka ya 6 hivi. Unaletewa mchoro au jiwe lililochongwa, unatakiwa useme limetengenezwa lini, nani alilipia, na kwa nini alitaka liwe vile na siyo vingine. Watu wale wengi wao walikuwa watu wa kawaida tu, wauza mboga, mafundi, watumwa walioachwa huru, hawakuandika vitabu, walichotuachia ni kaburi. Kwa hiyo tunasoma kaburi.

Na makaburi yenyewe ndo hizo katakombe, makaburi yaliyochimbwa chini ya ardhi. Mama unakumbuka katekista alivyokuwa anatuambia Wakristo walikuwa wanaishi humo wamejificha askari wa Kaisari? Sivyo bwana. Yalikuwa makaburi na serikali ilikuwa inajua kabisa yalipo. Sheria ya Roma ilikataza kuzika ndani ya mji, ndo maana makaburi yote yako nje kando ya barabara kuu, ya wapagani, ya Wayahudi, ya Wakristo, na kwa vile ardhi ilikuwa ghali wakaamua kuchimba kwenda chini, ghorofa kwa ghorofa, pale katakombe ya San Callisto barabara ya Appia zinafika nne. Mwamba wa huku ni wa volkano, tufo wanauita, ukiuchimba ni laini, ukishapigwa na hewa unakaza. Kulikuwa na mafundi kazi yao ni hiyo tu ya kuchimba, na wengine wamechorwa humo humo na sururu zao.

Ukishuka hali ya hewa ni ile ile kiangazi na masika, kama nyuzi 15, unavaa jeketi hata Agosti. Njia nyembamba, kushoto na kulia ukutani ni mashimo yamepangwa moja juu ya jingine, kila shimo mtu wake, na mengi ni mafupi sana, ya watoto. Walikuwa wanaziba kwa bamba la marumaru au vigae na chokaa, na ile chokaa ikiwa bado mbichi ndugu wanabandika kitu pale, sarafu, ganda la konokono, au kitako cha glasi chenye picha ya dhahabu katikati, ili siku wakirudi walijue kaburi la mtu wao, maana kuchongesha jina ni hela na siyo wote walikuwa nayo. Mpaka leo vingine vimeganda pale pale.

Sasa mama hii ni ya kwako na kwaya nzima ya Mtakatifu Sesilia, uwasomee Jumamosi kabla ya mazoezi. Kaburi lake la kwanza linaoneshwa humo San Callisto, chumba cha pembeni kabisa na walipozikwa Mapapa wa karne ya 3. Mwaka 821 Papa Paskali wa Kwanza akahamisha masalia kupeleka kanisani kwake mtaa wa Trastevere, na 1599 walipofungua jeneza, mchongaji anaitwa Stefano Maderno akachonga sanamu yake ya marumaru, ile ya asili iko Trastevere na nakala iko katakombe. Nimesimama mbele yake muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Amelala ubavu, uso umegeuziwa chini humwoni, kitambaa kichwani, shingoni kuna alama ya upanga, na mikono iko mbele, mkono mmoja amenyoosha vidole vitatu na mwingine kidole kimoja, wanasema ndo imani yake hiyo, Nafsi tatu Mungu mmoja. Hana kinanda wala gitaa lolote kama kwenye vile vitenge vyenu vya sare, habari za muziki zilimfuata baadaye sana!

Haya turudi kwenye michoro, maana hapa ndo penyewe. Ile picha ya kalenda ya parokia hapo ukutani, Yesu nywele ndefu za kahawia, ndevu, macho ya bluu. Humu chini hayupo. Mara nyingi Yesu ni kijana mdogo, hana ndevu, nywele fupi, kanzu fupi ya mfanyakazi, na anayeonekana kuliko wote ni Mchungaji Mwema, kondoo kamweka mabegani miguu kaishika kifuani, kama baba anavyombeba beberu akigoma kutembea siku ya mnada. Kule katakombe ya Priscilla barabara ya Salaria yuko juu ya dari katikati, rangi chache tu, nyekundu, kijani, kahawia, mistari ya haraka haraka juu ya chokaa nyeupe. Ukutani chini yake kuna mwanamke kajifunika kichwa, mikono kainua juu wazi, vile vile padre anavyoinua altareni mpaka leo. Na humo humo Priscilla kwenye kona kuna Bikira Maria kampakata mtoto, pembeni mtu kasimama ananyoosha kidole kwenye nyota, wengi wanasema ndo picha ya zamani kuliko zote za Mama Maria tulizonazo, ya karne ya 3. Ni ndogo jamani, ukipita na mawazo yako unaipita.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba huyo mchungaji hakuanza na Wakristo. Wagiriki walikuwa na mungu wao Hermes kabeba kondoo dume mabegani miaka mamia kabla. Wakristo hawakuwa na mafundi wao, walikuwa wanaenda karakana zile zile za wapagani, fundi ana michoro yake tayari, mteja anachagua anayoona inafaa. Mwone Yona, wanampenda sana huyo, ametapikwa na samaki halafu kalala chini ya mmea wa maboga uchi wa mnyama, mkono nyuma ya kichwa, mzuri ajabu, kwa sababu fundi alikuwa amezoea kuchonga Endymion, yule kijana wa hadithi za Kigiriki aliyelala usingizi wa milele. Na samaki mwenyewe siyo nyangumi, ni dude la baharini lenye shingo ndefu na masikio. Lazaro naye kafungwa sanda yote, kasimama mlangoni mwa kijumba, Yesu anamgusa na fimbo. Danieli na simba, Nuhu ndani ya sanduku dogo analoenea peke yake, vijana watatu kwenye tanuru. Ukiangalia wote ni watu walioponyoka kwenye kifo, na hiyo ndo habari mtu anataka juu ya kaburi la mwanae.

Mama uliniuliza kama nimeona misalaba ya kale. Ajabu ni kwamba Yesu msalabani karibu hayupo kabisa kwa miaka mia nne. Msalaba ilikuwa adhabu ya watumwa na wahalifu, watu walikuwa wanaiona, nani angeiweka ukutani? Moja ya picha za kwanza kabisa ni ya kejeli, imekwaruzwa ukutani kwenye kilima cha Palatino, mtu mwenye kichwa cha punda yuko msalabani na chini maneno ya Kigiriki, Alexamenos anamwabudu mungu wake. Yaani kijana wa watu alikuwa anachekwa na wenzake. Ya heshima nimeiona kwenye mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina, ya mwaka 430 na kitu, iko juu kabisa pembeni, ndogo, Yesu na wale wezi wawili wamesimama mikono wazi, mbao za msalaba hata hazionekani vizuri. Fundi bado ana aibu nayo, mimi naona hivyo, profesa anasema ni nafasi tu ilikuwa ndogo. Sikubaliani naye ila mtihani nitaandika cha kwake, au niseme nitasema cha kwake, maana huku mitihani mingi ni ya mdomo, unakaa mbele ya profesa unaulizwa kwa Kiitaliano, maksi ni juu ya 30. Mniombee.

Mambo yanageuka na Kaisari Konstantino. 312 anashinda vita pale daraja la Milvio, 313 Wakristo wanaruhusiwa, na miaka michache tu serikali inawajengea mabasilika, makanisa makubwa. Mchungaji anaanza kupotea taratibu. Kwenye kanisa la Santa Pudenziana, kuna mozaiki, picha ya vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa ukutani, ya kama mwaka 400, Yesu kakaa kwenye kiti cha enzi cha vito, kavaa dhahabu, ndevu nyeusi zimejaa, mitume kushoto na kulia wamevaa toga, lile vazi la heshima la Kirumi, kama maseneta, na msalaba mkubwa wa vito nyuma yake, sasa hauna aibu tena. Imependeza, ukiingia asubuhi inakupiga machoni. Ila mimi moyo wangu umebaki kwa yule kijana wa Priscilla, huyu mwingine unajisikia uombe apointimenti kwanza. Na msidhani walibadilisha siku moja, Ravenna kuna kanisa la karne ya 6, Sant'Apollinare Nuovo, ukuta mmoja anafanya miujiza hana ndevu, ukuta wa pili anaenda kuteswa anazo. Nikipata nauli nitaenda.

Kwa hiyo kalenda msiishushe, bibi ataniua. Nawaambia tu kwamba ni sura moja kati ya nyingi.

Mjomba, na kazi umeuliza, nitafanya gani. Huku 2017 walionesha dari za katakombe ya Domitilla walizosafisha kwa mwanga wa leza, masizi ya taa ya karne nyingi yakatoka na rangi ikabaki chini. Sisi tuna michoro ya Kondoa kwenye mawe, imeingia urithi wa dunia 2006, tuna Kilwa, nani ataitunza kama hamna aliyejifunza?

Mdogo wangu sasa nina ombi. Yule Mchungaji Mwema aliyechorwa nyuma ya altare pale kigangoni, nasikia wanataka kupaka rangi upya kabla ya jubilei. Nenda kabla hawajaanza, omba ruhusa kwa katekista, mpige picha mchana milango ikiwa wazi, usitumie flashi, piga mzima halafu sogea upige uso, mikono na kondoo. Nitumie kama dokumenti siyo kama picha, ile WhatsApp inaharibu. Na umuulize mzee wa kanisa alichora nani na mwaka gani, uandike.