Harambee ya Mipira ya Mkojo

Wapendwa wanajumuiya,

Mwaka jana tulimchangia kijana wetu wa bodaboda kiti cha magurudumu, na pesa zikatimia Jumapili moja. Harambee hii ya pili, ya kumnunulia mipira ya kutolea mkojo, imekwama tangu Januari kwa sababu kila anayesimama kuitangaza anaona haya kutamka neno mkojo. Mwenyewe ametuambia: "Semeni tu. Kukaa kwenye kiti hakutaniua, mkojo ndio utaniua."

Hatishi watu. Uti wa mgongo ukiumia, kibofu na ubongo havisikilizani tena. Kibofu hujaa bila mwenyewe kujua; baadaye hujikaza ovyo huku mlango wake umebana, mkojo ukarudi juu kwenye figo. Zamani figo ndizo zilizowamaliza wengi waliovunjika mgongo.

Majirani, yeye aliumia juu, kifuani. Kichwa kikimgonga ghafla na jasho likimtoka usoni, msidhani ni malaria. Mketisheni wima, kibofu kitolewe mkojo upesi. Kibofu kikijaa humpandisha presha ya damu, na presha inayopanda hivyo yaweza kupasua mshipa wa ubongo.

Mpira wa kudumu aliotoka nao hospitalini ulimletea maambukizi mara tatu. Sasa amefundishwa kujitoa mkojo mwenyewe: ananawa, anaingiza mpira mwembamba, mkojo unaisha kibofuni, anauchomoa. Hufanya hivyo kila baada ya saa nne hadi sita, kibofu kisipite mililita 500. Mara tano kwa siku ni mipira 1,825 kwa mwaka. Kwa sasa anaosha mmoja na kuurudia wiki nzima.

Tunachangia pia nauli ya Nairobi, ultrasaundi ya figo ya kila mwaka, na kipimo cha shinikizo la kibofu ambacho hajawahi kufanyiwa. Hicho ndicho kitamwonyesha daktari kama figo ziko hatarini na kama anahitaji dawa ya kutuliza kibofu. Bila hicho tunabahatisha.

Tukutane Jumapili baada ya misa ya pili. Bei ya pakiti imebandikwa mlangoni, kila mtu ajue mchango wake unanunua mipira mingapi. Kuku na ndizi zitapigwa mnada kama kawaida. Na kama kuna fundi bomba kati yetu, aje na vifaa: kijana anahitaji mfereji anaoufikia akiwa ameketi. Maji ya kunawa bado analetewa na mama yake, hata saa nane usiku.